Wagonjwa Wote Walipumua Mara Ishirini

Nilikwenda Kiseke kumzika Mwalimu Kabula, nikalazimika kumsikiliza Ladislaus akimsifu. Alisimama mbele ya jeneza na suti yake ya kijivu, tumbo limetangulia, akashika kipaza sauti kwa mikono miwili na kutangaza kwamba yeye na marehemu, bega kwa bega, ndio walioleta mageuzi ya uuguzi wa dharura katika hospitali yetu. Watu chini ya mahema walitikisa vichwa kukubali. Kina mama wa kwaya waliitikia kwa kuguna. Mimi nilikuwa safu ya tatu, kwenye kiti cha plastiki kilichopinda mguu, nikimtazama mdomo tu. Nimefanya kazi na waongo wengi. Wengi wao hudanganya kwa woga, na woga huo naujua vizuri, kwa sababu nimewahi kuutumia mwenyewe. Ladislaus hadanganyi kwa woga. Anadanganya kwa raha, kama mtu anayekunywa chai ya moto akiipuliza taratibu. Wali ulipogawiwa sikuweza kula. Nilirudi nyumbani na kuamua kuuandika mwaka ule niliofanya kazi chini ya wote wawili, kabla Ladislaus hajauandika.

Nilikuwa sijafika thelathini, nimeajiriwa mwaka wa pili, na nimepanga chumba Mirongo. Idara ya dharura ilikuwa ukumbi mmoja mrefu: mabenchi mawili ya mbao upande wa mlango, vitanda sita vilivyotengwa kwa mapazia ya kijani, na mwisho kabisa ofisi ya inchaji, yaani muuguzi anayeongoza idara. Inchaji wetu alikuwa Ladislaus. Ofisini kwake kulikuwa na jokofu dogo lililoletwa kwa ajili ya dawa na kutumika kwa ajili ya soda, chupa mbili kubwa za chai, na kapeti ambalo hakuna mgonjwa aliyewahi kulikanyaga. Kila siku saa nne asubuhi, awe amefika nani na anaumwa nini, sisi watano tuliotoka Kagera tulijifungia humo. Kulikuwa na chai ya maziwa na chapati, na siku nzuri kulikuwa na ndizi zilizopikwa na maharage, zimefunikwa kwa jani lake. Tulizungumzia harusi za Muleba, watoto wa nani wanasoma wapi, na nani kapandishwa cheo pasipo kustahili. Tulijiona wateule, watu waliozaliwa na kalamu mkononi. Nikiwatazama leo watu wale, mimi nikiwa katikati yao na chapati yangu, ninachokiona ni watu watano waliofunga mlango ili wasisikie wenzao wakikohoa.

Mwalimu Kabula aliletwa mwezi Januari, na barua iliyosema atakuwa mlezi wetu wa kitaaluma kwa mwaka mmoja, atufundishe uuguzi unaotegemea ushahidi wa utafiti badala ya mazoea. Ladislaus aliisoma barua ile kwa sauti wakati wa chai. "Ushahidi?" alisema. "Hii ni hospitali au mahakama?" Tulicheka mpaka mmoja wetu akapaliwa. Mwalimu mwenyewe alikuwa mwanamke wa miaka hamsini hivi, mrefu, mkavu, aliyevaa viatu vya mpira vya kiume. Alikuwa Msukuma wa Magu ambaye karatasi kwake ilikuwa "kalatasi" na ripoti ilikuwa "lipoti". Nilikuwa hodari wa kumwigiza. Alikaribishwa chai mara moja, akashukuru, akaenda kukaa kwenye benchi la wagonjwa. Pale alitoa mfukoni matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, akatafuna polepole huku akiwatazama watu walioketi pembeni yake. Tulidhani ni ushamba. Hatukujua kwamba alikuwa kazini na sisi hatukuwa.

Alikuwa na swali moja lililotukera kuliko sindano butu. Asubuhi moja alinikuta namfungia dripu kijana mmoja mwendesha bodaboda.

"Huyu ana nini, Editha?"

"Homa, Mwalimu."

"Anatapika?"

"Hapana."

"Maji anakunywa?"

"Anakunywa."

"Sasa dripu ya nini?"

"Ndivyo tunavyofanyaga."

"Umejuaje kwamba inamsaidia?"

Nikabetua mdomo. Ukweli ni kwamba dripu ilikuwa inawasaidia ndugu wa mgonjwa, waliokuwa hawaamini kwamba mtu ametibiwa mpaka waone chupa inaning'inia. Mwalimu hakubishana. Aliandika kwenye daftari lake, "Ndivyo tunavyofanyaga," na mwisho wa mwezi alitusomea orodha ya mambo yote tuliyoyatetea kwa sentensi hiyo. Kila Jumatano alitukusanya kwenye chumba cha kufungia vidonda, penye harufu ya spiriti na mabeseni yaliyopangwa sakafuni. Alikuja na utafiti mmoja, kaufupisha mwenyewe kwa Kiswahili na kwa mkono, kurasa mbili. Alitaka tuulize: waliofanyiwa utafiti huu ni watu kama hawa wetu? Walihesabiwa vipi? Sisi tunaweza kufanya hivyo kwa vifaa hivi hivi tulivyonavyo? Mimi nilichora maua pembeni mwa karatasi zake. Alikuwa anakesha kwa ajili yetu, na mimi nilichora maua.

Jumatano moja ya Februari alikuja na rundo la mafaili ya mwezi uliopita, akayatandaza juu ya kitanda. "Leo hatusomi utafiti wa mtu," alisema. "Someni mstari wa kupumua tu. Mmoja mmoja, kwa sauti." Tulianza. Mtoto wa pumu, ishirini. Mzee wa moyo, ishirini. Mjamzito aliyevuja damu, ishirini. Aliyevunjika mguu, ishirini. Baada ya mafaili kumi hivi sauti zilianza kupungua. Alichukua faili moja akampa mwenzetu mmoja. "Huyu alifikishwa ameshakufa. Imeandikwa ngapi?" Mwenzetu alifungua, akafunga, akafungua tena. "Ishirini," alisema. Mtu mmoja alicheka kwa pua. Mwalimu hakucheka. Ladislaus, aliyekuwa ameegemea mlango, alisema kwa upole ule wake wa kudharau, "Mwalimu, muuguzi mzoefu hahitaji kuhesabu. Anamtazama mgonjwa kwa macho tu, anajua." Mwalimu alimgeukia. "Unajuaje kwamba anajua?" Ladislaus alitazama saa yake akaondoka. Sisi tulirudi ukumbini tukaendelea kuandika ishirini, maana ilikuwa namba nzuri, ya mtu mzima mwenye afya, na haikuhitaji umtazame kifua mtu yeyote.

Mvua za Aprili ndizo zilizomleta Mama Nyamizi. Alikuwa mchuuzi wa dagaa wa mwaloni, soko la samaki la ufukweni, mnene, miaka arobaini na kitu, khanga imelowa, harufu ya samaki imetangulia kuingia. Bintiye Nyamizi, msichana wa miaka kama kumi na tisa, alimshika begani. Nilimwuliza anaumwa nini. "Kifua," alisema. Kisha akatulia. "Tangu juzi." Akatulia tena. Mtu anayehitaji kupumzika kati ya neno na neno anakuambia kila kitu, kama unataka kuambiwa. Mimi nilikuwa natazama saa ya ukutani, inakaribia saa nne. Nilimpima joto, nikamfunga mkanda wa presha, nikaandika. Kwenye mstari wa kupumua niliandika ishirini, na kalamu yangu haikusita hata kidogo. "Kakae pale mama, daktari atakuja," nikamwambia, nikaenda kunywa chai. Siku hiyo kulikuwa na ndizi. Nakumbuka zilikuwa laini na zimekolea samli, na ni jambo la kuchukiza kwamba nakumbuka. Katikati ya mazungumzo mlango uligongwa. Ladislaus alisema, "Subirini!" bila kugeuza kichwa. Aliyegonga hakugonga tena. Tulikaa.

Kabla ya saa sita Mama Nyamizi aliteleza kutoka kwenye benchi hadi sakafuni. Tulikimbia wote, tukaleta oksijeni, tukamkandamiza kifua pale pale kati ya mabenchi, wagonjwa wengine wakikunja miguu kutupisha. Hakurudi. Nyamizi alisimama ukutani ameshika ndala moja ya mama yake, akirudia, "Niligonga. Mimi niligonga." Sijui kama angepona laiti ningemhesabu. Najua kwamba angeingizwa ndani, angewekewa oksijeni na angeonwa na daktari karibu saa mbili kabla. Wenzangu wamewahi kunifariji kwamba labda angekufa hata hivyo. Faraja hiyo waitunze, watakuja kuihitaji wenyewe.

Alasiri ile nilikuwa nyuma ya pazia nikikunja gozi za kufungia vidonda, nikamsikia Ladislaus akizungumza na daktari wa zamu. Daktari alikuwa kijana. "Usiwe na wasiwasi," Ladislaus alisema. "Faili liko safi. Amefika anatembea, joto lipo, presha ipo, anapumua ishirini. Amebadilika ghafla, basi. Hiyo ishirini ndiyo imetuokoa." Nilisimama na gozi mkononi, na nilifurahi. Naliandika neno hilo makusudi. Kabla ya aibu, kabla ya huzuni, nilifurahi kwamba uongo wangu ulikuwa umepata kazi ya kufanya. Kwenye kikao cha kesho yake Mwalimu Kabula aliinua faili na kuuliza, "Nani alimhesabu huyu mama?" Ladislaus alisema tusianze kutafuta mchawi. Mwandiko ulikuwa wangu, na kila mtu mezani aliujua. Mwalimu alinitazama. Nilitazama meza. Hakunitaja.

Asubuhi iliyofuata aliniita, akanikalisha kwenye kiti kuelekea benchi la wagonjwa, akavua saa yake ya mkononi akanipa. "Hesabu," alisema. "Dakika nzima. Usihesabu nusu ukazidisha." Wa kwanza alikuwa mzee mmoja Mkerewe, mpole, aliyekaa na mikono magotini akitabasamu. Nilihesabu kifua chake kikipanda na kushuka. Thelathini na nane. Nikadhani nimekosea, nikarudia. Thelathini na nane. "Jana ungemwandikia ngapi?" Mwalimu aliuliza. Nikamwambia. Aliita wenzangu wamwingize mzee ndani mara moja. Niliendelea mpaka saa nane mchana, bila chai, na katika benchi zima sikumpata hata mtu mmoja wa ishirini kamili. Mwalimu hakusema neno juu ya Mama Nyamizi. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Kwa kimya chake sikuwa nimejiandaa.

Miezi iliyofuata ndiyo iliyonifanya muuguzi, na nilikuwa na diploma tayari. Tulianza wauguzi watatu. Mwalimu alitaka kila kitu kianze na swali linalojibika, nasi tukapata letu: tukimhesabu kila mtu anapofika, na anayevuka kiwango akaingia ndani papo hapo, watazidiwa wachache benchini? Tulichukua kilichokuwa kimeshathibitishwa na wengine, tukachora chati yetu ukutani kwa kalamu nyekundu, tukaanza. Ladislaus alituita "kwaya ya kuhesabu". Wenzangu wa chai waliniuliza kama Msukuma yule kaniwekea dawa. Kufikia Agosti, mafaili yalionyesha waliozidiwa benchini wamepungua, nikamkimbilia Mwalimu na daftari kama mtoto aliyefaulu mtihani. Alisoma, akalirudisha. "Mvua zimekwisha," alisema. "Vifua navyo vimepungua. Umejuaje kwamba ni chati?" Nilitaka kumrushia daftari. Kisha nikaenda kuyachambua upya, wagonjwa wa kifua peke yao, na tukasubiri mvua za Novemba tuone. Tukaona. Chati ilikuwa inafanya kazi. Nilikuwa sijawahi kujua jambo kwa namna ile, kwa kulitilia shaka kwanza mimi mwenyewe mpaka likabaki limesimama.

Mwisho wa Novemba Ladislaus alikwenda Arusha kwenye mkutano wa wauguzi kuwasilisha kazi yetu. Bango lilikuwa na jina lake juu kwa herufi nene. Jina la Mwalimu lilikuwa chini, kwenye shukrani, baada ya mchapaji. Alirudi na begi la mkutano lenye zipu tatu, akawa analitembeza wodini hata kama lilikuwa tupu. Nilimwendea Mwalimu nikiwa nachemka.

"Mwalimu, ameiba kazi yako."

"Wanahesabu?" aliuliza.

"Kina nani?"

"Wauguzi. Wanahesabu?"

"Wanahesabu."

"Basi mwache na begi lake."

Nilimdharau Ladislaus mchana kutwa kwa ajili ya bango lile. Ilinifaa sana kumdharau. Mtu akishughulika kutazama uchafu wa mwenzake anapata mapumziko marefu, na mimi tangu Aprili nilikuwa sijasema kitu.

Nyamizi alirudi katikati ya Desemba. Alikuwa anahitaji karatasi ya kifo cha mama yake kwa ajili ya shule ya mdogo wake, na nikatumwa mimi kumjazia. Alikuwa amekonda, na amefunga khanga kama mtu mzima. Hakunikumbuka. Nilifungua faili dirishani, yeye akasimama upande wa pili akifuata kidole changu. Maelezo yalikuwa ya Kiingereza, lakini namba ni namba.

"Hiyo ishirini ni nini, dada?"

"Ni kupumua. Mara ngapi kwa dakika."

"Walimhesabu saa ngapi?"

Nilikiacha kidole juu ya namba ile.

"Nilikuwa naye tangu getini mpaka pale chini," alisema. Hakupandisha sauti. "Hakuna mtu aliyemhesabu."

Nyuma yangu kulikuwa na watu, simu inalia, mtu anamwita mwenzake akachukue damu. Ningeweza kumwambia kwamba tunahesabu kwa macho.

"Hakuhesabiwa," nilisema. "Ni mimi niliyeandika. Sikumhesabu. Nilienda kunywa chai."

Alinitazama muda mrefu, akitafuta sura yangu ya siku ile, na nikaona alipoipata. Nilidhani atapiga kelele. "Sasa hayo maneno," alisema, "unanipa niende nayo wapi?" Sikuwa nimefikiria hilo. Nilikuwa nimefikiria kutua mzigo wangu tu, na ningeutua juu yake, kisha nikalale. "Niandikie," alisema. Nikavuta karatasi nikaandika yote: saa aliyofika, namba niliyobuni, mlango uliogongwa, aliyesema subirini. Nikaweka jina na sahihi. Aliisoma mbele yangu kwa kunong'ona, mstari kwa mstari, akanirekebisha mahali pamoja nilipokosea jina la pili la mama yake.

Alikuwa ameifikisha kwa uongozi kabla ya Ijumaa. Niliitwa mbele ya kamati. Ladislaus hakuweza kukaa kwenye kiti. "Nilikupokea mwenyewe," aliniambia mbele ya wote, "umetoka Bukoba na sanduku moja, nikakuita mdogo wangu. Umeniua." Hiyo ilikuwa mara ya kwanza na ya mwisho kumwona akiwa na hofu, na haikumpendeza. Walimwita Mwalimu, wakamwuliza kama alijua. Alisema alijua tangu siku ya pili, na kwamba jambo hilo limo katika ripoti yake ya mwaka. Waliomba ukurasa ule uondolewe. Alikataa, nao hawakumwongezea mkataba. Mimi nilipewa onyo kali na uhamisho kwenda zahanati moja kisiwani, ng'ambo ya maji. Familia ya Nyamizi ilipewa barua ya kuombwa radhi, aya moja. Ladislaus alipewa onyo la mdomo, na baada ya miaka miwili akapanda cheo. Ndivyo ilivyokuwa, na sina namna ya kuifanya ipendeze.

Nilimsindikiza Mwalimu stendi ya Nyegezi. Alikuwa anakwenda Dodoma, hospitali nyingine ilikuwa imemwomba. Tulikaa kwenye kibanda cha mama mmoja wa supu, asubuhi, wapiga debe wakigombea abiria nje. Nilikuwa nimevaa vizuri. Sasa naona kwamba nilikwenda pale kusifiwa. Nilikuwa nimepoteza kazi nzuri kwa ajili ya ukweli, na nilitaka mtu mmoja tu katika mji ule aniambie kwamba nimefanya vema. Alimaliza supu yake, akafuta mikono.

"Umechelewa miezi minane," alisema.

"Najua, Mwalimu. Nisamehe."

"Mimi sikufiwa." Alifunga begi lake. "Na mimi nilikosea. Nilikusubiri useme mwenyewe, nikadhani ndiyo malezi. Yule binti alikuwa ameshasubirishwa vya kutosha."

Wakaita abiria wa Dodoma. Nikambebea begi mpaka mlangoni mwa basi, machozi yananitoka, na nina hakika aliyaona. Alipanda ngazi mbili, akageuka.

"Huko kisiwani mko wauguzi wangapi?"

"Wawili, Mwalimu. Mimi na mwingine mmoja."

"Basi una wa kuanza naye," alisema, akaingia kutafuta kiti chake.